Milioni Kumi Nilizozitangaza Mimi

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa kitindamimba wangu,

Marahaba mwanangu, shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa. Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Na mjukuu wangu, kile kikohozi kimemwachia? Mimi sijambo, ila goti la kukanyagia cherehani linalalamika asubuhi. Likishapata moto linanyamaza.

Utanisamehe mwandiko. Shule niliiacha darasa la nne, wewe mwenyewe wajua. Kaka yako alitaka kuniandikia kwenye simu, nikakataa. Maneno haya si ya kupitia kwa mtu.

Wiki ya nane hii sijasikia sauti yako. Nikikutumia ujumbe unanijibu, "Niko salama, Mama." Nashukuru uko salama. Lakini ulikuwa ukinipigia kila Jumapili, ukinicheka ninavyopiga kelele kwenye simu kama ninayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Najua kwa nini umeacha. Nastahili.

Mwaka jana uliponipigia kuniambia kule ofisini kwenu kwenye bima wamekupa bonasi ya milioni kumi, nilikuwa na shangazi yako na kaka yako hapa hapa chumbani. Hata sikungoja umalize. Niliruka juu nikatangaza, "Kumi! Mwanangu kapewa milioni kumi!" Shangazi yako akapiga vigelegele, kaka yako akaanza kuhesabu matofali. Nakumbuka ulisema, "Lakini Mama, bado kuna..." nami nikakukata, nikasema, "Hizo 'lakini' zako ziache huko huko!" Tukacheka wote. Sasa nikikumbuka, wewe hukucheka.

Ukatuma kumi. Kamili, hakuna hata senti iliyopungua. Tukajenga vile vyumba viwili vya nyuma, vya kupangisha.

Miezi mitatu baadaye ukaniambia gari umeliuza, siku hizi unakwenda kazini kwa miguu, ni kwa afya yako. Nikakutania kwamba mkuu wa idara mzima anatembea na vumbi kama mhubiri. Nilifurahia utani wangu siku hiyo, Mungu anisamehe.

Halafu mwaka huu. Ukatuma milioni moja na laki tatu, ukasema kampuni haikufanya vizuri, bonasi yenyewe ilikuwa mbili tu, na kodi imekata. Na mimi, mama yako, nikiwa nimeweka simu kwenye spika, mezani watu wamekaa, nikasema nyingine umekula na nani. Nikasema pesa imekubadilisha roho. Ukajibu "Sawa, Mama," basi. Shangazi yako alinisifu, eti nimekuweka mahali pako. Nililala vizuri siku ile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa nikwambie nilivyozinduka. Unamkumbuka yule karani wa mishahara aliyestaafu, tunayemwita Desimali kwa kuwa hajawahi kumsamehe mtu senti? Amekonda tangu astaafu. Alikuja nimpunguzie suruali. Nikiwa napima miguu nikaanza kukulalamikia kwake, kama nilivyokuwa nikikulalamikia kwa kila mwenye suruali.

Akaniacha nimalize. Kisha akasimama na pini zake kiunoni, akaenda kwenye rafu zangu za vitambaa.

"Mama Fundi, tuseme vitambaa hivi ndio mshahara wa binti yako," akasema, akaanza kujaza rafu kutoka chini. "Rafu ya chini serikali haigusi kitu. Ya pili inakata kidogo. Ya tatu inakata zaidi. Binti yako ana mshahara mkubwa, kwa hiyo rafu zote hizi mshahara wenyewe umeshazijaza. Sasa bonasi inakuja. Itakaa wapi?"

Nikaangalia. Palikuwa pamebaki juu tu. "Juu," nikamjibu.

"Juu kabisa. Na huko juu ndiko mkasi ulipo. Mshahara ulio kwenye rafu za chini unabaki ulivyokuwa, hauguswi zaidi. Lakini bonasi yote inakatwa kwa kiwango cha juu, zaidi ya theluthi. Tena inakatwa kabla haijamfikia mkononi. Anayepewa kumi, anaona sita na kidogo."

"Na mwakani?"

"Mwakani anajua Mungu na wenye kampuni. Biashara ikienda vizuri, bonasi inapanda. Ikienda vibaya, inashuka, au hapati kitu. Bonasi si mshahara, Mama Fundi. Wewe umeipangia bajeti kama mvua iliyoahidiwa na redio."

Nikacheka. Nikasema, basi mwaka huu ni haki, mbili imekuwa moja na laki tatu. Halafu nikamwambia, kwa ujinga wangu nikidhani namshinda, "Lakini mwaka jana alipewa kumi, na alituma kumi."

Desimali alikunja kile kitambaa cha juu, akakirudisha taratibu. "Basi Mama Fundi, zile nyingine hazikutoka kwenye bonasi."

Mwanangu, nilirudi kwenye cherehani nikashona tu. Kesho yake Desimali akarudi na suruali mkononi, akauliza kwa adabu kama mguu wa kushoto nimeukusudia uwe mfuko. Nilikuwa nimeushona ukaziba chini kabisa.

Nikampigia kaka yako, akiwa kwenye kazi yake ya bomba, chini ya sinki la watu. Nikamuuliza moja kwa moja: gari la mdogo wako liliuzwa kwa nini? Nikasikia akiweka spana chini. Kisha akasema, "Alinikataza nisikwambie, Mama. Alisema umeshawatangazia watu, hataki uonekane mwongo."

Kumbe ulinifunika mimi. Na mimi nikakuanika wewe.

Jumapili iliyopita niliwaita wale wale, meza ile ile. Nikawaeleza rafu zote, nikawaambia milioni kumi haikuwahi kufika mkononi mwako, na kilichojaza pengo ni gari. Kaka yako aliinamisha kichwa. Shangazi yako akatazama vyumba vya nyuma dirishani, akasema, "Yaani wifi, wapangaji wanalala ndani ya gari la mtoto!" Tulicheka kidogo, kisha hakuna aliyecheka. Shangazi anakuomba radhi. Yeye hajui kuomba radhi, kwa hiyo alisema nikuulize kama unapenda bado karanga.

Chumba kimoja, kile chenye dirisha kubwa, pango lake kuanzia mwezi huu litaingia kwako. Ni pesa ndogo, haiwezi kununua hata usukani. Usinirudishie, tutagombana upya. Na bonasi, ije isije, usinitajie kiasi. Niambie tu kama kazi inakwenda vizuri na kama bosi wako bado anatafuna kalamu.

Ninachojutia si pesa. Uliniambia "lakini" nami nikakukata. Ningekuacha umalize sentensi moja tu, ungekuwa na gari lako, nami ningekuwa na Jumapili zangu.

Ndani ya kifurushi hiki nimekushonea koti la kutembelea. Kitambaa kizito, hakipitishi mvua, mifuko mirefu hadi kiganja kizame chote. Nimelikata kwa vipimo vyako vya mwaka ule ulipoanza kazi, maana sina vingine. Sijui kama umenenepa au umekonda kwa kutembea huko. Mshono wa ubavuni nimeuacha wazi, sijaufunga. Usimpe fundi mwingine. Siku ukiweza, njoo nikupime.

Msalimie sana mkwe wangu. Mbusu mjukuu wangu kwenye utosi. Kaka yako fundi bomba anakusalimu, shangazi yako naye, na Desimali anasema umlipe mama yako heshima, siyo asilimia. Mungu akulinde barabarani, kwenda na kurudi.

Mimi mama yako, nikupendaye hata pale nilipokukosea,

Mama Fundi