Kadi Isiyo na Nukta

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Asteria Thobias
Umri: miaka 36
Kabila: Msukuma
Kazi: muuguzi, zahanati ya binafsi
Makazi: Kambarage, Shinyanga mjini
Tarehe: 24 Juni 2025, saa 3:20 asubuhi

Nimekuja hapa kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afande amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba uongo wangu nilishausema wiki iliyopita, kwa maandishi, na umeshaua.

Martina, ambaye mmemshikilia tangu Jumamosi, namfahamu kwa miaka kumi na tatu. Tulisoma cheti cha uuguzi pamoja. Mimi nikabaki wodini, yeye akaenda kuuza dawa katika duka la Boaz kule machimboni Mwakitolyo. Mwaka jana tulijiunga tena na chuo, tukisoma huku tunafanya kazi. Mtihani uliotutoa jasho ni wa famakolojia ya juu, somo la dawa. Martina alishaufeli mara moja. Akifeli tena, anaondolewa chuoni.

Nyuma ya duka la Boaz kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna kitanda na stendi ya dripu. Duka lile haliruhusiwi kuchoma sindano. Boaz anajua, Martina anajua, na mimi nilijua nikanyamaza.

Tulikuwa na utaratibu wetu wa kusoma. Kila wiki zinaandikwa kadi kumi za dawa: jina, kiasi, namna ya kumpa mgonjwa. Tisa za kweli, moja ya uongo. Hiyo moja tuliiita mtego. Mwenzako aikamate, aeleze kosa liko wapi, kisha inachanwa. Nyuma ya mtego tuliweka nukta ya kalamu nyekundu, ili kadi ya uongo isije ikapotea katikati ya za kweli. Wazo la nukta lilikuwa la Martina mwenyewe.

Mwezi Mei nikagundua kwamba Martina, ambaye namwita Mama Rhoda, anageuza kadi kabla ya kuzisoma. Anatafuta nukta, basi, kamaliza. Nikamwambia, "Mama Rhoda, karatasi ya mtihani haina nukta mgongoni." Akacheka. Akasema, "Acha ukali, Dada Asteria. Mimi nina mtoto mgongoni na wachimbaji wamejaa dirishani." Tangu hapo kadi zote nikawa naandika mimi. Natoka zamu miguu imevimba, nakaa kuandika kadi za mtu anayetazama mgongo tu. Nilikasirika, na sikumwambia.

Mnamo tarehe 19 Juni, siku ya Alhamisi, saa 8 mchana, niliandika kadi kumi nikampa kondakta wa hiace ya Mwakitolyo. Kadi ya sita ilikuwa ya aminofilini, dawa ya mtu aliyebanwa na pumu. Inachomwa kwenye mshipa polepole, si chini ya dakika ishirini. Mimi niliandika dakika mbili. Huo ndio ulikuwa mtego. Nyuma yake sikuweka nukta.

Afande ameniuliza mara mbili kama nilisahau. Sikusahau. Nilitaka asome.

Tarehe 21 Juni, Jumamosi, saa 10:15 jioni, Martina alinipigia simu. Yanayofuata sikuyaona kwa macho, nayasema kama alivyonieleza. Saa 9 alasiri alikuja mama mmoja anaitwa Limi akiwa na mume wake, Luka, anayesaga mawe kwenye karasha. Vumbi lilikuwa limemwamshia pumu, hawezi kumaliza sentensi. Martina alitaka wampeleke kituo cha afya. Boaz alikuwepo, akasema, "Huyu ni mteja wetu. Mpaka pikipiki ipatikane atakuwa ameshakata roho. Mhudumie."

Martina ana miaka sita hajagusa aminofilini. Akatoa kadi zangu kwenye mfuko wa koti. Akazigeuza zote kumi, akakuta migongo ni safi. Akajua wiki hii sikutega. Alidhani mtihani umekaribia, kwa hiyo nimemhurumia.

Akasukuma dawa kwa dakika mbili, huku akitazama saa ya mkononi ili asizidishe. Luka alishika ukingo wa kitanda, kisha akaachia. Limi alikuwa amesimama pale na gambuti za mumewe mikononi. Alikuwa amemvua ili asichafue shuka.

Martina aliniuliza, "Dada, nimekosea wapi? Nimefuata kadi." Nilisikia mtu analia nyuma yake kwa Kisukuma. Nilijua jibu. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Jumapili asubuhi Boaz alinipigia. Alisema Martina amekamatwa. Akasema, "Mimi dawa sizijui, nauza tu. Yeye alijifanya daktari, nawe usijiingize." Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na Boaz alikuwa ameshampata Mnyamwezi wake. Namchukia Boaz. Lakini siku ile ushauri wake niliufuata.

Afande ameniuliza kwa nini sikuja siku hiyo ya Jumapili. Jibu langu liandikwe kama lilivyo: Jumapili nilikuwa nasoma.

Jana Jumatatu, saa 3 asubuhi, nilifanya mtihani. Meza ya Martina ilikuwa mbele yangu, namba yake imebandikwa, kiti kitupu. Swali la saba liliuliza namna ya kumpa aminofilini mgonjwa aliyebanwa. Niliandika polepole, si chini ya dakika ishirini, huku mapigo ya moyo yakiangaliwa. Nikaongeza hatari za kuharakisha, ingawa hazikuulizwa. Najua nimepata alama zote.

Martina alikosea kuchoma sindano dukani, hilo ajibu mwenyewe. Lakini zile dakika mbili hakuzitoa kichwani mwake. Ni zangu. Nimesomewa haya yote, ndivyo nilivyoyasema, wala sijalazimishwa.

Sahihi: A. Thobias

MAELEZO YA ASKARI: Mimi Sajini Mwaisha nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Shahidi amezuiwa kituoni kwa hatua zaidi. Ameonyeshwa kadi ya aminofilini iliyokutwa kwenye koti la mtuhumiwa Martina, ameitambua kwa mwandiko wake. Kadi imepokelewa kama kielelezo. Nimeigeuza mbele yake. Nyuma haina alama yoyote.