Mbegu Nilimupatia Mama ya Plamedie

Albert, hapa Mantapala kuhusu mahindi hakuna mutu wa kunifundisha.

Unakumbuka mwaka ilipita, ile nilinunua mbegu ku duka, mahindi ikakua, ikapita kichwa yangu kwa urefu. Basi mwaka hii nikamupatia mama ya Plamedie mbegu mu sashe, ile kamufuko ya duka, ajue binti yake anapata bwana wa kweli.

Leo anatuita mu shamba, miye na dada yangu Mujinga, na agronomu, bwana shamba. Ndugu yangu. Hindi moja inanifika ku bega, ingine ku goti, ingine imelala kama mulevi.

Mama anauliza polepole: "Mwanangu, hii mbegu ilikuwa na nini?"

Na miye, na kinywa yangu hii, namujibu: "Labda mama hakupalilia muzuri." Mbele ya Plamedie. Namna gani nilisema vile?

Agronomu anashika suke. "Hii ni mutoto wa mahindi ya duka, mbegu ya kutoka ku mavuno. Nguvu ya mbegu ya kuchanganya iko ku mavuno ya kwanza tu. Ukiipanda tena, inashuka."

Naapa: sashe ilitoka ku duka.

Mujinga anacheka: "Sashe, ndiyo. Lakini mbegu tulipukuchua wawili mu jiko yetu."