Meno Manne ya Marlène na Faili la Safari

Mpendwa Mama Dévote,

Naomba msaada wako, wewe unayetushauri gazetini, kabla ya Jumanne, kwa sababu nimedanganya mara mbili na uongo wangu umeshafika hadi kwenye maombi ya kanisa, na sijui nitautoa huko kwa njia gani.

Mimi ni mama wa Bukavu, fundi cherehani, niko hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tangu mwaka 2010 na mume wangu Apollinaire, mwalimu wa kwaya, na tuna binti mmoja, Marlène, wa miaka minane na nusu, ambaye meno yake ya ukubwani yalipoota mbele yalikuja mapana kama ya baba yake wakati taya lake ni dogo kama langu, yakapandana, moja likageuka ubavu kabisa, basi mwezi wa pili tukampeleka sote wawili kwa daktari wa meno mjini Lilongwe, akampiga picha ya taya, akatuonyesha meno mengine yakiwa bado ndani ya ufizi na hayana pa kupitia, halafu akaeleza, na Marlène mwenyewe ndiye aliyetutafsiria maana Chichewa anakijua kuliko sisi, kwamba inafaa kung'oa meno ya utoto kwa mpango, kwanza zile chonge nne, kisha kusubiri miezi na kuangalia, kisha magego ya utoto, ili yale ya ukubwani yapate nafasi ya kushuka, na kwamba wakati wake ni sasa, tukichelewa sana mpango huo hautafaa tena. Apollinaire akafurahi, akampa daktari mkono, akasema zikomo, yaani asante, mara nne.

Mimi pia nilifurahi, mama, nakuapia, mpaka nilipomsimulia jirani yangu Hubert, yule anayepiga picha za pasipoti karibu na soko, naye akaweka kamera chini na kuniambia, "Dada, we unacheza. Dossier yenu iko na picha ya mutoto. Ukimutoa meno yote ine, sura inabadirika. Siku ya interview batasema huyu si ule tuliandika, njo munarudia mwanzo." Sikulala. Tumesubiri safari ya wakimbizi ya kuhamia nchi ya nje miaka minne, jina letu limeanza kusogea, na mimi nikaona faili letu linafungwa kwa ajili ya chonge. Hata yale meno yaliyokwisha kudondoka yenyewe nimeyatunza, yote manane, nimeyafunga kwenye leso nikayaweka ndani ya bahasha ya karatasi zetu, ili wakiuliza niwaonyeshe kwamba ni yeye.

Siku ya miadi Apollinaire alikuwa na mazoezi ya kwaya, nikaondoka na mtoto peke yetu, tukashuka Old Town, lakini badala ya kwenda kwa daktari niliingia naye soko la Tsoka nikanunua nyuzi na vifungo, nikamnunulia mandasi, tukarudi, na nyumbani nikasema daktari amefiwa na mama yake, amekwenda Mzuzu kuzika. Miadi ya pili nikafanya vilevile, nikasema bado yuko kwenye msiba. Ndani ya minibasi Marlène aliniuliza, "Mama, papa akiniuliza mi nitasema nini?" nikamwambia ale mandasi yake. Tena nimemkataza kucheka na meno nje, asije akapigwa picha hivyo, na sasa mtoto anaimba kwenye kwaya ya watoto mkono ukiwa mdomoni.

Mama Dévote, Jumapili iliyopita Apollinaire alisimama mbele ya kanisa akaomba waumini wamkumbuke daktari mmoja Mmalawi mwenye moyo mzuri, aliyempoteza mama mzazi. Watu wakapiga magoti. Kwaya imeandika kadi ya rambirambi, wamesaini wote, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na Jumanne, siku ya miadi ya tatu, Apollinaire anakwenda na sisi kuipeleka kwa mkono, ameshapiga pasi koti jeusi. Nifanye nini? Nijifanye mgonjwa? Naomba usitaje majina yetu ya kweli.

Mama Marlène, Dzaleka

*

Mama Marlène,

Majina nimeyabadilisha yote. Na barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka hadi wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Nisamehe. Kumfiwisha daktari wa watu mama yake, tena hadi kwaya nzima ikasaini! Mara ya pili nilipofika pale mtoto anapokuuliza atamjibu nini baba yake, kicheko kikaniisha.

Tuanze na hofu yako, maana hiyo naijua. Mimi niko kambini hapa mwaka wa kumi na moja. Najua jinsi faili linavyomfanya mtu mzima aogope hata kunyoa ndevu. Kuna mwaka nilikataa kununua kitanda kizuri kwa sababu nilisema nitakiacha nikisafiri, na nikalala kwenye mkeka misimu mitatu ya mvua kwa ajili ya ndege ambayo haikuja. Kwa hiyo sikucheki kwa kuogopa. Nakugombeza kwa kumfanya mtoto alipie hofu yako.

Sasa fikiri kidogo, dada yangu. Picha ya Marlène iliyo kwenye faili ilipigwa alipokuwa na miaka mingapi? Minne, kwa hesabu ya kusubiri kwenu. Tangu hapo ameshang'oka meno manane, ameota mengine manane, amerefuka, amebadilisha hata umbo la uso. Nani alifunga faili? Huko maofisini wanajua kwamba watoto hukua. Lakini usinisikilize mimi, wala Hubert. Hubert ni mtu mwema na picha zake ni safi, ila dunia yote anaitazama kupitia pasipoti. Kesho asubuhi panga foleni kwenye dirisha la ofisi inayoshika mafaili ya safari, uliza swali lako kwa mdomo wako mwenyewe, na ukitoka kwa daktari omba karatasi yenye jina la mtoto na meno yaliyotolewa, uiweke pamoja na zile nyingine. Karatasi hiyo itakusemea vizuri kuliko leso ya meno. Yale manane yahamishie kabatini kwako, uyatunze kama mama anavyotunza.

Kuhusu meno yenyewe, nimemuuliza mhudumu wa afya ya kinywa ninayemwamini. Amesema si kila mtoto mwenye meno yaliyobanana anahitaji mpango wa namna hii, ndiyo maana daktari hupiga picha kwanza na kupima. Anayeuhitaji, mpango humsaidia ukifanywa kwa wakati wake, hatua kwa hatua, kwa sindano ya ganzi, na daktari akimwangalia kila baada ya miezi. Na mwisho wake si lazima meno yanyooke kama rula. Huenda baadaye ikabidi litolewe hata jino la ukubwani, huenda akahitaji waya wa kunyoosha meno. Hayo yaulize Jumanne, tena uliza wewe na baba yake, msimwachie mtoto mzigo wa kutafsiri habari za kinywa chake mwenyewe. Kwaya yenu haikosi mtu mzima mmoja anayejua Chichewa. Mwombeni. Na usithubutu kumfunga uzi jinoni nyumbani ili umalize mambo kimyakimya. Nakufahamu kidogo sasa, najua wazo hilo limeshakupitia.

Kujifanya mgonjwa Jumanne? Hapana. Nani atafuata kuugua, cherehani?

Utamwambia Apollinaire leo hii, akiwa ameshakula, kabla hajaanza kuchambua nota zake. Usianze na Hubert. Anza na neno "nilidanganya," halafu mweleze uliogopa nini. Mume aliyewapigisha watu magoti kwa ajili ya mama wa mtu asiyemjua ana moyo wa kutosha kukusamehe, ingawa atanuna, na una haki ya kununiwa siku mbili. Kadi ipasueni ninyi wawili. Akiona inafaa kuliambia kanisa, simama karibu naye anaposema. Watacheka. Waache wacheke, na wewe ucheke.

Kisha mwite Marlène. Mwambie kwamba mama alikosea, kwamba hana siri ya kutunza tena, na kwamba mkono ule autoe mdomoni aimbe. Yeye ana miaka minane mwaka huu tu, hapa hapa Dzaleka. Safari ikija itamkuta amekua, na taya lake litakuwa limeshakamilika kwa namna mtakayokuwa mmeliacha.

Jumanne mpande minibasi ya kwanza, mtoto awe amekula uji, na Apollinaire avae shati la kawaida.

Jibu hili nakutumia leo Alhamisi kwa mkono, ndani ya bahasha iliyofungwa. Gazetini halitatoka mpaka uje wewe mwenyewe uniambie kwamba mume wako ameshajua na kwamba Marlène ameshakaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Msomaji mwingine yeyote anayelisoma sasa, basi ajue ulikuja.

Mama Dévote