Mwalimu Aliyenisubiri Jumamosi

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeshaitikia. Nina miaka ishirini na miwili tu, ila bibi yako ni dada yangu, kwa hiyo babu yako ni mimi, upende usipende. Huku Zombo bibi yako mzima na mahindi yamebeba.

Unauliza kama unaweza kutoroka mafundisho ya kipaimara huko Mikumi, kwa kuwa majibu yote unayajua. Kichwa hicho umekirithi kwangu! Mimi niliyakariri kwa wiki moja, Jumamosi zilizobaki nikaendesha bodaboda. Katekista wetu, mzee wa watu, alishuka mlimani kwa miguu kila Jumamosi.

Askofu alipokuja nikajibu kila swali, kifua mbele. Akamwambia katekista, "Huyu umemfundisha vizuri."

"Sikumfundisha, Baba Askofu. Nilimsubiri tu."

Wenzangu wakawekewa mikono, mimi nikarudi kwenye benchi.

Mwaka huu nimeanza upya na sijakosa hata Jumamosi moja. Mwalimu mpya ananisifu kwa kuwahi. Hajui kwamba niliyepaswa kumwahi tumeshamzika.

Jumamosi nenda, mtundu wewe.

Babu yako mwenye meno yote