Chama Ni cha Nani

Jumatatu, 5 Mei 2025
Wamemleta Bi Mwamini kutoka Ujiji, hajitambui. Sukari imepanda hadi mashine imeshindwa kuisoma. Mwanawe, Ashraf, anasema mama aliacha sindano alipoanza uji wa unga wa mbegu. Nikamuuliza: nani alimshauri? Akajibu: mtaalamu wa lishe, anaitwa Dismasi. Ana beji kama hiyo yako, dada.

Beji ya chama chetu cha wataalamu wa lishe. Dismasi. Ndiye aliyenifundisha kazi, wodi hii hii.

Jumatano, 7 Mei
Bi Mwamini amezinduka. Neno lake la kwanza: "Hadija naye anakunywa." Hadija ni mdogo wake, yuko Ilagala, ana sukari pia. Waligawana unga. Simu yake haipatikani. Ashraf ameondoka saa ileile.

Alhamisi, 8 Mei
Ashraf amepiga. Alimkuta Hadija amelala chini, haongei. Wakapata gari. Amefia njiani.

Ijumaa, 9 Mei
Wamemzika. Mimi na nesi ndio tuliomwambia Bi Mwamini. Hakulia. Alisema tu: "Mimi ndiye niliyempelekea, mwanangu. Nilimwambia ni dawa ya msomi."

Nimempelekea malalamiko Frida, mwenyekiti wa chama hapa mkoani. Amesoma, amevua miwani. Ameniuliza kama nitasimama kuyasema mbele ya Dismasi. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 11 Mei
Dismasi amekuja nyumbani. Hakugusa chai. Anasema hakuwaambia waache sindano, aliwaambia wapunguze kidogo kidogo. Nikamuuliza: kaka, tangu lini sisi tunapunguza sindano za mtu? Akainuka. Kisha akasema: tuyamalize wenyewe, dada. Chama ni cha kututetea sisi.

Nikamwambia: Hadija hakukujua wewe. Alikiamini chama.

Akaondoka bila kuaga. Nimelia jikoni. Mtu huyu alinishika mkono siku nilipofiwa na mgonjwa wangu wa kwanza.

Jumamosi, 17 Mei
Kikao cha chama, ukumbini Buzebazeba. Mapumziko ya chai, naandika kibarazani. Ndani wamegawanyika. Alphonce, mwanachama mwenzetu, anasema tukimfukuza mwenzetu hadharani, watu wataacha kutuamini sote. Frida kamjibu: Ilagala wameshaacha. Wengine wanataka apewe onyo tu. Dismasi ameinamia mikono yake. Tukirudi, ninaanza mimi.

Bajaji imesimama. Bi Mwamini anashuka, Ashraf kamshika kiuno. Ametoka wodini juzi tu! Nimemwamkia, nikamwambia angepumzika, tungemletea majibu nyumbani.

"Sikuja kugombana, mwanangu. Watoto wa Hadija wananiuliza mama yao kafa na nini. Nataka yeye mwenyewe anipe la kuwaambia."

Ameingia. Wote wamegeuka. Frida ananiita. Kutoka hapa mlangoni namwona Dismasi amesimama, anamsogezea kiti.

Bi Mwamini hajakaa. Anamtazama, anangoja jibu lake. Naweka kalamu, naingia kusema yangu.