Kiwi Zilizolala Kwenye Maziwa

5 Machi

Shikamoo Baba,

Magoti yanasemaje huko ghorofani, na usingizi? Mimi mzima, ila mikono inawasha kwa vinyweleo vya kiwi. Kazi ni ileile: tunda linapita kwenye mkanda, nalibonyeza, gumu kushoto, laini kulia, mpaka kengele ilie. Mlango wa ghala wanaufunga kwa nje ili baridi isitoke.

Dereva wa lori atakuletea boksi la kiwi. Bado ni ngumu. Ziweke pamoja na ndizi mbivu, zitalainika upesi. Kata katikati, chota kwa kijiko kama yai. Zina vitamini C nyingi, zinafungua choo, na wenzangu wanasema ukila mbili kabla ya kulala unapata usingizi. Ukichoka kijiko, changanya na uji au mtindi, ule papo hapo.

Msimamizi anataka jibu: nisaini msimu mwingine au nirudi? Ukipata nguvu, nitasaini.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini hiyo mikono imepoa. Masikio yangu ndiyo yameshaaga, simu imebaki pambo, kwa hiyo barua yako niliisoma mpaka ikachakaa. Kiwi nakula kila siku. Jioni nazikata vipande, nazilaza kwenye glasi ya maziwa, asubuhi nakunywa: tamu kama asali. Choo hakinisumbui, usingizi ni wa mtoto mchanga. Fundi cherehani wa chumba cha pili anadai nitaoa tena.

Saini, mama. Usinihangaikie.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Nilisaini siku ileile barua ilipofika. Jioni nikawasomea wenzangu chumbani, wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee wako hajawahi kuonja kiwi."

Kiwi ikilala kwenye maziwa, Baba, asubuhi yanakuwa machungu, hayanyweki. Hata mlinzi wa geti analijua hilo. Nami nalijua, ila furaha ilinipofusha.

Nani anakula kiwi zangu?

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Umenikamata kama nilivyokuwa nikiwakamata wanafunzi walionakiliana majibu ya hesabu.

Anakula fundi. Choo kilichofunguka ni chake, usingizi ni wake, na anakuombea dua kwa sauti kubwa kiasi kwamba hata mimi nasikia. Figo zangu zimechoka tangu mwaka jana. Daktari alinikataza matunda yenye potasiamu nyingi, na kiwi imo. Tunda linalomjenga fundi lingeweza kuusimamisha moyo wangu.

Ningesema, ungeacha kazi. Sikutaka nikufunge hapa, kwenye kitanda, dirisha na ngazi nisizoweza kuzishuka. Basi nikakufungia huko, kwenye mlango unaofungwa kwa nje. Tena kila boksi likifika, natamani uwe umelileta mwenyewe. Sitaki kufa na neno hili kifuani. Nisamehe.

Baba yako

28 Aprili

Baba,

Hali yako? Sema kweli safari hii.

Msimamizi anasema mkanda hausimami kwa ajili ya baba wa mtu. Nikitoka kabla mavuno hayajaisha, sipewi nauli wala sipokelewi tena. Nimemwomba dereva kiti. Amekubali, lakini kwanza anakuja huko, ndipo arudi kunichukua.

Usile hata moja.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Kweli yenyewe ni hii: sijambo kidogo tu. Fundi amenishikia karatasi ndipo naandika, na dereva anasubiri mlangoni aondoke nayo.

Jana daktari alipanda ngazi, akakaa kitandani, akasema, "Mwalimu, sasa kula chochote unachotaka." Nimefundisha maisha yangu yote. Najua mtu anamaanisha nini akisema fungeni madaftari.

Kwa hiyo leo nimekata moja, nikachota kwa kijiko kama yai. Inaanza na uchachu, utamu unafuata nyuma taratibu, na mbegu zinapasuka kwenye meno machache niliyobakiza. Si kama asali hata kidogo. Nilikudanganya vibaya.

Imebaki moja dirishani, bado ngumu. Naibonyeza kwa kidole gumba kila asubuhi, kama wewe kazini. Nataka tuile nusu kwa nusu. Njoo.

Fundi alikuwa ameiweka pamoja na ndizi. Ndizi nimeiondoa.

Baba yako