Kumtoa Zakayo

Jumapili, 2 Februari

Leo tena maiki. Jumapili ya tatu sasa. Dennis, fundi wa sauti wa kanisa, amezibana kwenye vinywa vya matarumbeta yetu kama vibanio vya nguo, akarudi nyuma kwenye mitambo yake, miwani puani, mhasibu mzima wa watu, akaanza kusukuma vitufe. Korneti yangu, ile tarumbeta ndogo, ikalia kama sufuria inayokwaruzwa. Ukumbi wenyewe mdogo. Watu sitini. Spika mbili ndefu kuliko mchungaji. Za nini?

Tarumbeta ni shaba na pumzi. Pumzi inatoka tumboni, inagonga ukuta, inarudi, na mtu anaisikia kifuani. Zakayo ametufundisha hivyo miaka kumi na tisa hapa hapa London. Kabla yake baba yangu alinifundisha hivyo hivyo, nyumbani Vihiga. Ukiipitisha kwenye waya unapata kitu kingine, hata sijui nikiite nini.

Zakayo yuko hospitali, wiki ya tano. Sijamwambia habari ya maiki. Ataumia bure.

Jumatano, 5 Februari

Zakayo ametuacha. Jana, saa nane mchana. Nilikuwa kazini namlisha uji mzee mmoja wa watu. Mkewe Joyce ndiye aliyenipigia. Nikarudi, nikamaliza kumlisha yule mzee. Sijui nilimlishaje.

Yeye ndiye aliyepiga besi, ile tarumbeta kubwa ya kupakata. Tumebaki watano.

Jumamosi, 8 Februari

Matanga kwa Joyce, Thornton Heath. Chai, mandazi, watu wameketi mpaka kwenye ngazi. Joyce amesema mumewe atazikwa hapa, watoto wako hapa. Wazee walinung'unika, wakanyamaza. Ni haki yake.

Kisha Rispa, dada yake Zakayo, akapigiwa simu huko nyumbani, tukaiweka kwa sauti tusikie wote. Akampa mama yao. Miaka themanini na sita, macho hayaoni tena, safari ya ndege haiwezi. Mazishi watayafuata kwa simu, kanisa litayarusha moja kwa moja. Akauliza nani sasa mkubwa wa bendi. Wote wakanigeukia.

"Ni mimi, Mama. Loise."

"Loise, mimi sitaona kitu. Hiyo simu watanishikia tu. Lakini nataka nisikie matarumbeta yakimtoa mwanangu. Nikisikia, nitajua ametolewa na watu wake."

Nikasema, "Utasikia, Mama." Mbele ya nyumba nzima.

Kanisani kwetu mtu hatoki kimya kimya. Bendi inatangulia, jeneza linafuata. Hata mlevi wa sokoni alitolewa na bendi. Mama anajua hilo kuliko mimi.

Alhamisi, 13 Februari

Nimegombana na Dennis na nimefurahia. Mazoezi yalikuwa yanaenda vizuri, mara akaingia na mfuko wake wa nyaya. Ati siku ya mazishi kila mtu na maiki yake. Nikamwambia siku hiyo hakuna. Zakayo hakuzitaka, na marehemu ana heshima yake.

Akasema, "Mama Brenda, sauti ya kwenda nyumbani inapitia kwa mitambo. Kamera inachukua picha tu."

Nikamwuliza, tarumbeta inayosikika kutoka kilima hiki hadi kile bila stima, itashindwa na kasimu? Kamera si iko pale pale mbele yetu? Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Dennis akakunja waya wake polepole. "Sawa," akasema. Hakuaga.

Anatafuta tu kazi ya kufanya, huyo.

Jumatano, 19 Februari

Mdomo umepasuka kwa mazoezi. Napaka mafuta. Brenda, binti yangu, ananijibu kwa Kiingereza chake kwamba naringa, kwamba maiki ingenipunguzia kazi. Naringa! Mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Ijumaa, 21 Februari

Tumemtoa.

Nilifika mapema nikakuta maiki mbili zimesimamishwa upande wetu. Nikaziondoa kwa mikono yangu, nikaziegemeza ukutani. Dennis aliniona. Tukatazamana.

Tulimtangulia kutoka mbele hadi mlangoni, hatua kwa hatua, nyimbo tatu. Tulianza chini kabisa, watu wakaacha hata kukohoa. Wimbo wa tatu nikafungua pumzi yote. Nilisikia vioo vya dirisha vikitetemeka. Sijawahi kuisikia bendi hii hivyo, hata Zakayo akiwepo. Nje, basi lilikuwa kituoni na dereva akazima injini, wallahi, dereva wa London. Joyce alilia hadi akashiba.

Nimechoka na nina furaha. Mungu anisamehe, leo nina furaha.

Jumamosi, 22 Februari

Rispa amepiga simu.

Hawakusikia kitu.

Mahubiri waliyasikia. Matangazo waliyasikia, hadi mchungaji akisafisha koo. Kisha wakatuona tumesimama, mashavu yamevimba, na kimya. Dakika tisa. Wakaongeza sauti ya simu hadi mwisho. Wakabadilisha simu. Mama akauliza, "Bado hawajaanza?" Akauliza tena. Mara ya tatu hakuna aliyemjibu, maana jeneza lilikuwa limeshapita mlangoni.

Akasema, "Kumbe mwanangu hakuwa na watu huko."

Rispa akamwambia, wamepiga, Mama, tumewaona kwa macho yetu. Akasema wanamdanganya kwa sababu yeye haoni. Akaomba aingizwe ndani. Tangu jana hajala.



Jumapili, 23 Februari

Nilimvamia Dennis kabla ya ibada. Mbona hukuniambia?

"Nilikuambia, Mama Brenda. Wewe na wenzako mkacheka."

Nikamwuliza, na tulipoanza kupiga? Si uliona mitambo yako haipokei kitu? Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Niliona. Maiki ya mchungaji ilikuwa hapa mkononi. Nikasema, acha."

Acha! Dakika tisa ameketi na maiki mkononi, anatuangalia. Hatua sita tu kutoka kwetu. Nilitaka kumzaba kofi katika nyumba ya Mungu. Anajua mama wa watu anasubiri, kila mtu alijua.

Nami nilijua. Nilimwahidi kwa mdomo wangu, kisha nikaziondoa kwa mikono yangu, kwa sababu nilitaka sauti nzuri. Nzuri kwa nani? Kwangu. Nitamchukia Dennis muda mrefu na haitanisaidia kitu.

Sikupiga leo. Nilisema mdomo unauma.

Jumatano, 5 Machi

Siku yangu ya mapumziko. Wenzangu wanne wamekuja kwangu, wakajibana sebuleni na ala zao. Dennis pia amekuja. Ameomba ruhusa kazini. Akafunga maiki tano, akaunganisha na simu, akajaribu, akajaribu tena. Hatujasemeshana. Alipofika kwenye korneti yangu nilimnyooshea tu, akabana.

Rispa akampa Mama simu. Nikamwambia ukweli wote, kwamba ni mimi niliyeziondoa.

Nikasema, "Mama, tuko wote hapa. Leo utasikia. Tukupigie sasa?"

"Si mlishamzika?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mtakuwa mnamtoa nani?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Kisha akatupa pole kwa baridi ya huku, akasema tumsalimie Joyce na watoto, akamrudishia Rispa simu.

Tulikaa. Dennis akaanza kufungua maiki moja moja na kukunja nyaya. Nikaenda jikoni kuweka chai.